Njumu za Kunguru

Mkewe alimpa muda mpaka Jumapili. Mama mkwe alikuwa anahamia kwao na masanduku yake mawili, na haikuwa heshima aje akute kabati la milango mitatu limejaa ngozi, minyororo na uvundo. Mkewe hakugomba. Alisema tu kwamba milango miwili anaitaka mitupu, na kwamba mwanamume wa miaka hamsini na mbili, fundi wa makochi anayeaminiwa na watu, anapaswa kujua nguo zipi anazivaa na zipi anazifuga.

Pini alihesabu mahali pa kuzipeleka. Pale kibandani anapofanyia kazi paa linavuja, na panya walikuwa wamekwisha kula sponji za wateja wawili. Kutupa hakuweza. Kuuza, nani anunue? Na ukweli wenyewe, ambao hakumwambia mkewe, ni kwamba hakuwa anazitafutia nguo zile mahali pa kukaa. Alizitafutia mtu wa kuzivaa. Akifa zikiwa kabatini zitakuwa takataka za marehemu, zitachomwa nyuma ya nyumba na shemeji asiyejua hata kilichoungua. Zikiwa mgongoni mwa mtu, barabarani, watu wanageuza shingo, basi angalau angeweza kujiambia kwamba hakupoteza ujana wake kwa upuuzi.

Jina Pini si la nyumbani. Alipewa na wenzake, Kunguru. Na Kunguru nao hawakujiita hivyo. Waliitwa na akina mama wa mtaani, enzi zile walipokuwa wakipita Jumapili mchana, vijana saba, weusi tupu kuanzia kofia hadi soli, jua linachoma, jasho linawatiririka kama wamemwagiwa ndoo, minyororo shingoni, misumari mabegani. Walipenda muziki wa magitaa yanayonguruma, ule ambao mtangazaji wa redio alikuwa akiucheza kwa bahati mbaya kisha anaomba radhi. Walipotukanwa kunguru walilichukua tusi wakalishona mgongoni.

Jumamosi mkewe alikwenda kununua godoro la mama yake. Pini akafungua kabati.

Koti la kwanza lilikuwa ngozi ya kochi la mwanasheria mmoja, ngozi kuukuu ambayo mwenyewe alisema itupwe. Lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ngozi nyeusi hawakuwa nayo, wala hawakujua inapouzwa, kwa hiyo walipaka dawa ya viatu, kopo juu ya kopo, mpaka ikakubali. Kosa lao walilijua mvua ya kwanza iliponyesha. Rangi iliyeyuka ikashuka shingoni, ikaingia kwenye ngozi ya mwilini, ikakataa kutoka kwa sabuni wala mchanga. Wiki nzima Kunguru walitambuana mjini kwa shingo nyeusi. Mmoja wao, aliyekuwa karani wa benki, alifungwa bandeji na kudai ana jipu. Pini alilinusa koti. Bado lilinuka dawa ya viatu na jasho la kijana ambaye hakuwa na kitambi.

Kizibao chenye pete za pazia. Hiki alikivaa siku alipokwenda kuomba chumba, kabla hajaoa. Mwenye nyumba alimwangalia kuanzia juu mpaka chini akasema chumba kimeshachukuliwa. Chumba kile kilikaa miezi minne bila mtu. Pini alikuwa akipita makusudi kulitazama dirisha lisilo na pazia.

Mabuti. Haya aliyavua kituo cha polisi, mara tatu. Hawakuwa wameiba wala kupigana. Waliambiwa wanaonekana kama watu watakaoiba. Askari aliwafagilisha uwanja peku, kisha akayajaribu mabuti ya Pini mguuni na kusikitika kwamba ni madogo.

Suruali ya kamba pembeni hata hakuiinua. Paja lake moja la sasa lingehitaji suruali nzima.

Halafu lile koti kubwa, la mwisho kulitengeneza. Kazi ya miaka miwili. Njumu zake, vile vichwa vya chuma vya kupambia ngozi, hazikununuliwa dukani. Kila moja ilikuwa msumari wa kochi wenye kichwa kipana, aliouchana mguu wake katikati, akaupitisha kwenye ngozi, akaipanua miguu miwili kwa ndani, akaiponda ilale isimchome mvaaji, kisha akaifunika kwa bitana. Safu kwa safu, kama magamba ya samaki, kutoka bega hadi kiuno. Alilivaa siku aliyooa. Baba yake mzazi alimpa mkono bibi harusi, akaipita mikono ya mwanawe kama mtu anayepita nguzo ya umeme.

Akiwa amelishika, akakaa kitandani. Siku zote alijua vitu ambavyo nguo hizi zilimnyima. Angeweza kuvitaja amefumba macho. Zilimpa nini? Zilimpa wenzake sita. Mmoja alikuwa amekufa kwa ini. Mmoja alikuwa mhubiri na alikuwa amewaomba waumini wake msamaha hadharani kwa ajili ya nywele zake za zamani. Wawili walihama, hawapigi simu. Karani wa benki akawa meneja wa benki, na siku waliyokutana barabarani aliingia duka la nguo za watoto ambalo hakuwa na shida nalo. Wa sita aliitwa Bawa, na huyo alikuwa wa kwanza kuacha. Amebaki yeye na kabati, na kabati lenyewe anadaiwa.

Akalivaa. Mikono ilipita. Mbele hapakufika hata nusu. Mkewe alirudi akamkuta amesimama mbele ya kioo, ameshusha pumzi zote.

"Vua kabla hujapasuka," alisema. "Mama atafika akute msiba."

Akalivua. Na pale, anakunja mikono ya koti, akakumbuka vijana wa nyuma ya duka la matairi. Alikuwa amesikia kwamba bado wapo watu wanaokutana pale kila Jumapili, watoto wa juzi, wanavaa nyeusi na kujiita Kunguru kama wao. Hakuwahi kwenda. Aliona aibu ya mtu mzima. Lakini sasa alikuwa na sababu, tena sababu ya kheri. Alilala vizuri siku hiyo.

Jumapili alimpigia mdogo wake, mwenye pikapu ya kusambaza mitungi ya gesi. Mdogo wake alikuja bila maswali, kama kawaida yake. Walikuwa wanaelewana, hao ndugu, kwa namna ya watu wanaochagua cha kuzungumza. Walizungumza mabati ya nyumba ya mama yao, sukari ya mama yao, bei ya matairi. Nguo hawakuzungumza. Mdogo wake alibeba marobota ya nguo kwa mkono wa kushoto, akiyasukumia kwenye kifua kwa ule wa kulia, ambao mashine ya kukoboa ilimwachia kidole gumba na cha mwisho tu, akiwa na miaka kumi na tisa. Alipoliona koti kubwa alilitazama kidogo, akauliza kama lifungwe kwa kamba au liwekwe mbele. Pini akasema liwekwe mbele.

Uwanja wa Kunguru wa zamani ulikuwa palepale, nyuma ya duka la matairi. Vijana walikuwa kumi na kitu, wamekaa juu ya matairi chakavu, spika moja inanguruma. Walimwangalia mzee mwenye kitambi akishuka kwenye gari la gesi na robota, wakadhani amepotea njia. Akawaambia jina lake.

Spika ikazimwa. Hakuwahi kuona kitu kama kile maishani mwake, na hatakiona tena. Waliinuka. Walimwamkia mmoja mmoja. Walimpa tairi zuri kuliko yote, wakamletea soda, wakataka kujua kama ni kweli walifagilishwa peku, kama ni kweli karani alifungwa bandeji. Habari zao zote walikuwa nazo, nyingine zimenenepa njiani. Mkubwa wao alikuwa binti fundi simu, wanamwita Nyaya, nusu ya kichwa imenyolewa, amevaa koti la mpira wa ndani wa matairi alioushona kwa waya wa shaba. Kazi safi. Pini aliikagua mishono kwa jicho la fundi na hakupata cha kusema, akamwambia hivyo, na binti alitabasamu mpaka akaangalia chini.

Akafungua marobota. Walizigusa nguo kwa ncha za vidole. Kijana mmoja mrefu, mwembamba, mabega mapana, aliliinua koti kubwa akaliweka kifuani. Lilikuwa kipimo chake. Ungesema lilikatwa kwa ajili yake.

"Vaa," Pini akamwambia.

Kijana alimtazama Nyaya. Kisha akalirudisha juu ya robota, taratibu, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Nyaya alionyesha ukuta kwa kidevu.

Ukutani, kwa rangi nyeupe, herufi ndefu kama mtu, waliandika: KILA MTU AVAE ALICHOTOBOA MWENYEWE.

Pini alicheka. Alifurahi, kwa kweli; maneno yake mwenyewe, yamefikia kuandikwa. Akawaambia hiyo sheria ameitunga yeye, amesimama juu ya pipa la oili, pale penye kile kichaka, kabla hata mmoja wao hajazaliwa.

"Tunajua, mzee," Nyaya alisema. "Ndiyo maana tunaishika."

Akamweleza kwa adabu. Hawakuwa wanakataa nguo zake kwa dharau. Walikuwa wamewafukuza watu watatu kwa sheria ile. Mwezi uliopita tu alikuja mmoja na koti la kaka yake, wakalikata mbele yake, akalia, na sasa anashona la kwake. Leo wakivaa za Pini, yule watamtazama vipi? Pini alisema yeye aliyeifunga anaweza kuifungua. Walitazama ukuta. Heshima yao ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa kwa yule kijana aliyesimama juu ya pipa, na kijana yule hakuwa na la kubadilisha.

Mdogo wake alikuwa amefika na robota la mwisho. Alisimama nalo nyuma ya matairi, hakuliweka chini.

"Labda tumeielewa vibaya," Nyaya akasema. Alikuwa anamtafutia mzee mlango wa kutokea, ilionekana wazi. "Sisi tuliambiwa mliiweka kwa sababu ya mtoto wa tajiri. Kwamba alitaka kununua koti la mwenzenu, mkakataa, mkasema kila mtu avae jasho lake. Ndivyo? Maana kama ilikuwa sababu nyingine, tuambie. Tutaifuta hata leo."

Hapakuwa na mtoto wa tajiri.

Bawa alipoacha, alimwachia koti lake mdogo wake Pini, kwa sababu walilingana mabega na kwa sababu kijana alikuwa ameshapoteza vidole na hangeweza kushika shazia, ile sindano nene ya ngozi. Mdogo wake akalivaa Jumapili moja. Jumapili moja tu. Alikuwa mzuri mno. Mkono wake mbovu ulioingia kwenye mkono wa koti na kutokeza gumba na kidole cha mwisho, badala ya kumharibu, ulimkamilisha, na wapita njia walisimama. Mpiga picha wa gazeti alikuja siku ile, akawapanga, na gazeti lilipotoka, aliyekuwa katikati ya picha ni mdogo mtu. Pini alionekana bega tu. Yeye aliyewafundisha wote kutoboa, aliyekata ngozi za wote, alionekana bega.

Jumapili iliyofuata alipanda juu ya pipa. Aliongea vizuri siku ile, maneno yalimjia yenyewe. Jasho, haki, mkono wa mtu. Walimpigia makofi. Kila mmoja aliuona mkono wa mdogo wake na kila mmoja alipiga makofi. Mdogo wake alilivua koti la Bawa akamkabidhi kaka yake, likakatwa palepale. Wiki tatu alijaribu kutoboa la kwake, nyumbani kwa mama yao, ameishika shazia kwa meno na kusukuma kwa kiganja. Mama yao alimwomba Pini amsaidie. Pini alisema sheria ni sheria.

Sasa sheria ilikuwa inasubiri neno lake. Maneno mawili matatu yangetosha: niliona wivu, nilimfungia mlango mdogo wangu, yule pale. Wangepaka ukuta chokaa. Kijana mrefu angeondoka na koti mabegani, na mtaa ungegeuza shingo. Ndicho kitu pekee alichokuja kukitafuta.

Aliwaangalia. Walikuwa wanamwangalia kama hakuna aliyewahi kumwangalia, si baba yake, si mkewe, si mteja yeyote. Alimwangalia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa ametulia, robota kifuani, kidevu juu ya robota, anasubiri. Hakukasirika wala hakubembeleza. Alisubiri tu, na Pini alielewa kwamba alikuwa akisubiri tangu zamani, si siku ile tu.

"Ndivyo ilivyokuwa," Pini alisema. "Mtoto wa tajiri."

Mdogo wake aliliweka robota chini. Akarudi kwenye pikapu, akaingia, akafunga mlango bila kuubamiza.

Nyaya alishusha pumzi, akasema basi. Lakini akaongeza kwamba chuma hakina shida. Ngozi ya mwenzako huvai, ila njumu ukizing'oa na kuzipiga upya kwa mkono wako, zinakuwa zako, na za Pini watazigawana, kila mmoja apate hata moja. Walichangamka. Ilikuwa njia ya kumheshimu mzee. Kijana mrefu alileta koleo, akabana njumu ya bega, akazungusha. Ngozi ilichanika kwa sauti.

"Lete," Pini alisema.

Alitoa mfukoni kile chuma chake chenye ulimi uliopasuka, cha kung'olea misumari ya makochi. Aliwaonyesha. Kwanza unafungua bitana. Halafu unainyanyua miguu ya msumari kwa ndani, mmoja, na wa pili. Unainyoosha. Ndipo unasukuma kwa gumba, na msumari unatoka mwenyewe, mzima, bila kugombana na ngozi. Walichuchumaa wakamzunguka. Walikuwa wanafunzi wazuri. Baada ya safu mbili Nyaya alikuwa anafanya kwa kasi kumzidi yeye, na Pini alibaki kushika koti likazwe. Kijana mrefu aliuliza kama safu zilikuwa na maana yoyote, kama kila moja ilikuwa ya tukio fulani. Zilikuwa nayo. Pini alimwambia ni mapambo tu.

Mpaka jua linaanza kuegemea, makoti, kizibao na mikanda vilikuwa vimekwisha. Njumu zilijaa kopo la rangi. Ngozi alizifunga tena yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyejua azipeleke wapi. Walimsindikiza mpaka kwenye gari. Walimwomba aje kila Jumapili, na alisema atakuja, na yeye na Nyaya wote walijua kwamba haji.

Mdogo wake aliwasha gari. Walikwenda hadi mataa ya pili. Koti kubwa lilikuwa mapajani mwa Pini, jepesi kama shati, limejaa matundu yanayoonyesha suruali yake chini.

"Wangeifuta," mdogo wake alisema. Macho yalikuwa barabarani.

"Ungependa niwaambie nini, mbele ya watoto wale?"

"Mimi sijasema kitu, kaka." Akabadilisha gia kwa kiganja. "Miaka yote nilifikiri hukumbuki. Nilikuwa nakutetea kwa mama. Nilimwambia kaka alikuwa kijana, alisahau hata kama nina mkono mbovu."

Pini alisema kuhusu mabati, kwamba mwezi ujao lazima wamalizie upande wa jikoni. Mdogo wake aliitikia kwamba ni kweli, lazima. Akasimamisha gari kwenye barabara kubwa, mbali na mtaa wa Pini, mwendo wa dakika ishirini kwa mtu asiye na mzigo. Akasema atamshusha hapo, ana mitungi ya kupeleka.

Pini alishuka, akateremsha marobota manne, akayapanga kando ya mtaro. Alisimama kumpa mkono, lakini mdogo wake alikuwa ameshatazama kioo cha pembeni, anatafuta nafasi ya kuingia barabarani. Pikapu iliondoka. Nyuma yake hapakuwa na mtungi hata mmoja.